Nililipa Mshahara kwa Rubisi

Mwaka 2023, katika kata ya Nyantakara, wilayani Biharamulo, nilimlipa mtu ujira wa siku nzima kwa pombe. Ilikuwa rubisi, lita tano, ndani ya kidumu cha njano kilichowahi kubeba mafuta ya kula. Ndizi zake zilitoka kwenye shamba lisiloijua mbolea ya dukani, mtama ulilimwa na jirani, maji yalichotwa kisimani. Ukizunguka Tanzania nzima kutafuta kinywaji asilia, sidhani utapata kinachoizidi ile. Na bado nilichomfanyia yule kijana kilikuwa dhuluma.

Naanza na kosa langu kwa sababu makala hii ni ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wanaofanana nami: vijana wenye digrii, tunaosoma lebo ya chupa mpaka nukta ya mwisho, kisha tunasaini mkataba wa kazi bila kufungua ukurasa wa pili.

Nilikwenda Nyantakara kwa miezi mitatu kukusanya takwimu za kaya za wakulima. Nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya uzamili, tasnifu haijaanza, mfukoni sina kitu. Kampuni moja ya utafiti ikatangaza kwamba inatafuta watu. Mkataba ulinitaja kama "mtoa huduma binafsi". Malipo yalikuwa shilingi 450,000 kwa mwezi, na chini yake kulikuwa na mstari mmoja: kodi ya zuio asilimia 5 itakatwa kwa mujibu wa sheria. Nilisaini nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya kuazima.

Mtoa huduma binafsi ni jina tamu. Linakufanya ujione una ofisi, una wateja wanaopanga foleni. Lakini kishikwambi nilichotumia kilikuwa cha kampuni. Fulana ilikuwa ya kampuni. Maswali yalikuwa ya kampuni, na sikuruhusiwa kubadilisha hata neno. Saa moja asubuhi msimamizi alitaka nimtumie picha kuonesha niko kijiji gani, na saa kumi na mbili jioni alitaka idadi ya madodoso yaliyokamilika. Kufanya kazi ya mtu mwingine ndani ya miezi hiyo kulikatazwa. Huduma gani hiyo "binafsi" ambayo mtoaji wake hawezi hata kuamua aamke saa ngapi?

Swali hilo lina jibu la kisheria, na ninasikitika kwamba nililijua nikiwa nimechelewa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umempa jina gani, ikiwa hata moja kati ya mambo kadhaa lipo: kazi yake inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shirika, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamtumikia huyo mmoja tu. Moja linatosha, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia anayekana. Mimi nilikuwa nayo karibu yote.

Tupige hesabu, maana hasira isiyo na hesabu haifiki mbali. Kama ningeandikwa mwajiriwa kwa 450,000 hizohizo, asilimia 10, yaani 45,000, ingekwenda NSSF kwa jina langu, na mwajiri angeongeza 45,000 yake juu. Kiasi cha kutozwa kodi kingebaki 405,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu, na kinachozidi hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8. Kodi yangu ingekuwa 10,800 kwa mwezi. Kama mtoa huduma nilikatwa 22,500, zaidi ya mara mbili. Asilimia 8 kwa macho ni kubwa kuliko 5, ndiyo maana hatushtuki. Lakini ile 8 inaanza kuhesabu baada ya 270,000, na ile 5 inakata kuanzia shilingi ya kwanza. Mwenye kipato kidogo akiitwa mkandarasi anakatwa zaidi ya mwenzake anayeitwa mfanyakazi, kwa kazi ileile, na uzeeni hana akiba hata ya senti.

Sasa angalia upande wa pili wa meza. Kwa kuniita mtoa huduma, kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kampuni iliepuka asilimia 10 ya NSSF, asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na, ikiwa ilikuwa na wafanyakazi 10 au zaidi, asilimia 3.5 ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Jumla asilimia 14. Kwangu mimi hiyo ilikuwa 63,000 kila mwezi. Tulikuwa wengi kwenye kazi ile. Zidisha mwenyewe.

Namsikia mhasibu akikohoa. Anasema zuio si kodi ya mwisho, kwamba ni malipo ya awali, mwisho wa mwaka unawasilisha ritani TRA na kilichozidi unadai. Ni kweli kabisa. Mwaka ule kipato changu chote kilikuwa hizo 1,350,000 za miezi mitatu, na mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato mpaka avuke 3,240,000 kwa mwaka. Kwa hiyo shilingi 67,500 nilizokatwa zilikuwa zangu zote, mpaka ya mwisho. Ila kuzidai kunahitaji cheti cha kodi ya zuio, na cheti hutolewa na aliyekata. Nilikiomba mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa mtu wa hesabu yuko likizo. Mara ya pili ujumbe wangu ulisomwa, ukaachwa hapohapo. Haki ambayo ufunguo wake ameushika aliyekunyima ni haki ya kwenye karatasi tu.

Hayo ndiyo niliyofanyiwa. Sasa niliyoyafanya.

Nyantakara ni mahali ambapo kwenye benchi moja unasikia Kisubi, Kihangaza na Kisukuma kabla chai haijapoa. Mimi ni mtu wa Korogwe. Kiswahili kilinifikisha kwa vijana na wenyeviti wa vitongoji, lakini kwa wazee, hasa akina bibi, nilikuwa bubu. Bajeti ya kampuni haikuwa na mkalimani. Nikamtafuta mwenyewe kijana wa pale, tukakubaliana 7,000 kwa siku kutoka mfukoni mwangu. Aliniita bosi kuanzia siku ya kwanza. Nilimwambia asiniite hivyo, sisi ni kaka na kaka. Alicheka, akaendelea kuniita bosi. Aliona vizuri kuliko mimi.

Mwezi wa pili malipo yangu yalichelewa. Wiki ya kwanza nilimlipa kwa akiba. Wiki ya pili nikaanza kumwambia kesho. Siku moja jioni tulipita kwa mama mmoja anayepika rubisi, tuliyekuwa tumemhoji asubuhi. Mama yule ananikopesha, maana mgeni mwenye kishikwambi anaaminika. Nikachukua kidumu cha lita tano kwa deni, nikampa kijana, nikamwambia, "Leo tuhesabu hii." Akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa vizuri. Hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema, akiwa anafuta kata yake: "Mwanangu, huyu ana mke nyumbani. Mkewe atasonga ugali kwa rubisi?"

Nimeyakumbuka maneno yale mara nyingi, na sitaki kuyageuza yawe hekima ya kijijini ya kupamba makala. Alikuwa na haki ya kuyasema na pia hakuwa nayo. Vijana wawili waliomkanyagia ndizi zake nao walilipwa nusu fedha, nusu kinywaji. Niliwaona wakifanya kazi. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, humenywa, humwagwa kwenye mtumbwi wa mti, hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka mramba utoke, mtamu, mzito. Ukishachujwa unachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake ni pombe. Kukanyaga ni kazi ya mgongo na mapaja, saa nyingi, nyuki wakikuzunguka. Mwisho wa siku kila mmoja alipewa noti na kata mbili tatu. Vijana wale walikwenda nyumbani wakiyumba, noti ikiwa imepungua njiani.

Nakiri pia kwamba mama alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Nilipomuuliza, kwa ajili ya dodoso, kama biashara yake inalipiwa ushuru, aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi zilizokunjwa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji na inataka anayeiuza awe na leseni. Yeye alilijua hilo na alitunza kila karatasi. Muuza rubisi wa Nyantakara aliweza kunionesha alicholipa kwa serikali. Mimi msomi sikuweza, na mpaka leo siwezi.

Miezi michache baadaye nilikuwa Dar es Salaam, sebuleni kwa rafiki, Mikocheni. Tulikuwa watu saba, wengi wa uzamili, wawili wameshaanza kazi kwenye mashirika. Mezani kulikuwa na mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini wenye nembo ya kilimo hai, na bia za Ujerumani zenye nembo ya aina hiyohiyo. Mwenyeji wetu alieleza, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, kwamba siku hizi hanywi chochote chenye kemikali. Chupa ikazunguka. Kila mtu akasoma mgongo wake. Tulijadili salfaiti kwa dakika ishirini.

Sina ugomvi na kilimo hai. Mtu anayepulizia viuatilifu kila wiki bila glovu ana haki ya kutamani shamba lisilo na sumu kuliko mnywaji wa Mikocheni. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake, Kilimohai, inatumika hapa kwetu. Kuna hata utaratibu wa wakulima wadogo kuhakikiana wenyewe kwa vikundi, ili gharama ya cheti isiwashinde. Hayo ni mambo mazuri, na ningependa siku moja mama wa Nyantakara afaidike nayo.

Ugomvi wangu ni na tunachodhani lebo imetuambia. Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni za mvinyo wa kilimo hai mwaka 2012, uliandika mpaka miligramu: salfaiti isizidi 100 kwa lita kwa mvinyo mwekundu wa kawaida, 150 kwa mweupe. Nimeipenda nidhamu hiyo. Kumbe tukitaka kupima, tunaweza kupima kitu kidogo kiasi kile. Lakini hakuna mstari katika vipimo hivyo unaosema mchumaji wa zabibu zile alilipwa kiasi gani kwa siku, kama alikuwa na mkataba, au kama aliitwa mkandarasi ili asiwe na pensheni. Tulipima kilichomo ndani ya zabibu tukasahau mikono iliyoichuma.

Na kama kuna nchi ambayo mvinyo wake ungepaswa kutufanya tuulize swali hilo, ni hiyohiyo iliyokuwa mezani. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi kulikuwa na utaratibu ulioitwa dop: mfanyakazi alipewa mvinyo wa bei ya chini mara kadhaa kwa siku, kama sehemu ya ujira wake. Sheria iliupiga marufuku, lakini uliendelea kwa miongo baada ya hapo, na watoto wa maeneo hayo wakazaliwa na madhara ya pombe kwa viwango vilivyo miongoni mwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa duniani. Novemba 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu huko De Doorns, zabibu za kula hasa, waligoma. Kima cha chini chao kilikuwa randi 69 kwa siku. Wengi walikuwa vibarua wa msimu, wakiletwa na mawakala, leo wapo kesho hawapo. Walidai randi 150. Mgomo ukasambaa katika jimbo, na kuanzia Machi 2013 kima cha chini kikapanda hadi randi 105.

Nilipofika kwenye neno dop nilinyamaza, kwa sababu nilikiona kidumu changu cha njano. Nilichodhani ni dharura ya jioni moja kina jina kwenye historia, na historia yenyewe ni chafu.

Sebuleni pale niliuliza swali moja: nani kati yetu ana mkataba wa ajira? Wawili waliokuwa na kazi walitazamana. Wote wawili walikuwa "washauri". Mmoja alikuwa mshauri wa dawati lilelile kwa miaka miwili, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na alipougua wiki mbili alikatwa fedha za wiki mbili. Aliijua salfaiti kwa miligramu. Kifungu cha 61 hakuwahi kukisikia. Simcheki. Mimi nilikijua miezi miwili kabla yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuisoma methali hiyo kama onyo juu ya majivuno. Mimi siku hizi naipenda kwa jambo jingine: angalau inamkumbuka mgema. Walipoonja tembo walimfikiria mtu aliyepanda mnazi. Sisi tunasifu chupa.

Watanijibu kwamba mkataba ni hiari ya watu wawili, hakuna aliyenilazimisha. Hiari ya mtu anayedaiwa kodi ya chumba miezi miwili ni hiari ya namna gani? Sheria yenyewe imelijua hilo, ndiyo maana inatazama kazi ilivyofanyika badala ya jina lililoandikwa. Watanijibu kwamba miradi midogo haimudu asilimia 14. Basi iseme wazi kwa mfadhili kwamba kazi inagharimu kiasi hiki, kama inavyosema gharama ya mafuta ya gari. Mbona hakuna anayemwita dereva wa lori la mafuta mfadhili wa mradi? Watanijibu kwamba nachochea watu wakwepe kodi. Kinyume chake. Nataka kila shilingi niliyokatwa ifike inakotakiwa, na nipate karatasi inayosema imefika, kama stakabadhi za mama yule.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, kabla hujaanza kazi ijayo, soma ukurasa wa pili. Uliza nani anapanga saa zako na vifaa ni vya nani. Ukikuta jibu ni "wao", waambie kwa adabu kwamba sheria inakuita mwajiriwa, na uulize namba yako ya uanachama wa NSSF. Wakisisitiza kukukata zuio, dai cheti cha kila malipo, siku ya malipo, kabla mtu wa hesabu hajaenda likizo. Kisha wasilisha ritani hata kama unadai elfu kumi. Tukidai mmoja mmoja tutaonekana wasumbufu. Tukidai elfu moja, itakuwa kawaida.

Na ukishafanya hayo, geuka utazame chini. Kuna mtu aliyekutafsiria, aliyekubebea mizigo, aliyekuchapia tasnifu, anayekufulia. Je, saa zake unazipanga wewe? Anamtegemea nani? Kifungu kilekile ulichokishika kama ngao kinaweza kusomwa na mwingine, akikuelekezea wewe. Mimi nilipokisoma mara ya pili nilijikuta kwenye upande wa mwajiri, na sikuwa na utetezi.

Nilikuwa nadaiwa siku saba: 49,000. Ile ya kidumu ni ya saba. Nilimtumia kwa simu mwezi wa nne baada ya kuondoka Nyantakara, na gharama ya kutolea. Alinipigia kushukuru, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. Alisema, "Bosi, hii imezidi, siku ya rubisi tulishamalizana." Nikamwambia hatukuwa tumemalizana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nitarudi, maana kuna mradi mwingine umekuja unatafuta watu, na wao pia wameleta karatasi ya kusaini.

Nilimwomba anisomee ukurasa wa pili.